Siku Baba Aliposimama Upande wa Upepo

Msimu wa kuchuma kahawa, nyumba yetu ya milimani Mbinga ilinuka maganda yaliyochacha. Harufu hiyo iliingia kwenye mablanketi, kwenye nywele, kwenye sare za shule, na zaidi ya kote kwenye koti zito la baba, alilolivaa shambani na kanisani pia. Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametufundisha jambo lililoninyima raha: kwamba kutoka mbali sana, kupita jua, inatujia mionzi inayoweza kuudhuru mwili, nasi tunapona kwa sababu dunia yenyewe ni sumaku kubwa inayoikengeusha sehemu yake, kisha hewa nene iliyo juu yetu huzuia sehemu kubwa ya iliyobaki. Wanaosafiri angani wameiacha kinga hiyo nyuma, alisema, kwa hiyo hutegemea kuta za chombo chao, na jua likichafuka na kurusha mionzi yake pia hujibanza kwenye chumba kilichozungukwa na maji na akiba ya chakula. Nilimsimulia baba tukimenya kahawa. Akaacha kuzungusha mashine.

"Kumbe tumefunikwa," akasema, kisha akaendelea.

Nilichaguliwa kuyaonyesha hayo kwenye maonyesho ya shule, Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa. Baba akanitolea sumaku kwenye spika ya redio mbovu, akakwangua jembe kuukuu kwa tupa mpaka tukapata kopo la unga wa chuma. Nyumbani nilifunika sumaku kwa karatasi, nikanyunyiza unga, nikagonga kwa kidole, nao ukajipanga kwa mistari iliyopinda kama matuta yanayozunguka mashimo ya ngoro, kilimo chetu cha mteremkoni. Mama akaitwa aje aone.

Lakini mgeni hajui mlango, na mtoto wa mlimani hajui upepo wa ziwa. Meza yangu iliwekwa uwanjani, mahali pa wazi. Nilianza kwa kutaja sumaku ya dunia na hewa vinavyotukinga, lakini niliponyunyiza, upepo uliubeba unga kabla haujatua, ukaumwaga kwenye shati jeupe la mgeni rasmi. Nikarudia, ukapeperuka tena. Watoto wa Lipingo wakaanza kucheka. Hapo baba akainuka kwenye viti vya wazazi, akaja akasimama upande wa upepo, akalifungua koti lake kwa mikono miwili kama kuku anayefunika vifaranga.

"Endelea, mwanangu," akasema.

Harufu ya maganda ikatanda. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Na huyo mzee ndiye hewa au ndiye sumaku?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Baba naye akatabasamu, ila mikono hakuishusha. Mistari ilitokea, mizuri kuliko ya nyumbani, nami sikuweza kuieleza. Nikainamisha kichwa mpaka mwalimu akaniondoa. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa mzazi siku ile hakuna aliyeuuliza. Kwenye gari la kurudi nilikaa mbali naye, ili asiyetujua asidhani tumetoka nyumba moja.

Siku hizi watoto wa Mbinga huvitazama vyombo vya angani kwenye simu, na mimi ni mpiga picha za eksirei hospitalini. Mwaka jana baba aliletwa kwa ajili ya kikohozi. Nilimsimamisha mbele ya mashine, kifua wazi, mabega yamechongoka, kisha nikaenda nyuma ya ukuta uliotiwa madini ya risasi, kama taratibu zinavyotaka. Mionzi ya picha moja ni kidogo. Mimi ninayeshinda nayo kutwa ndiye ninayehitaji ukuta. Huwaeleza wagonjwa hivyo kila siku bila kigugumizi. Lakini nilipomwona kupitia kioo cha ukuta ule, mzee peke yake upande wa pili, haya zilinishika upya, nzito kuliko za Lipingo, kwa kuwa safari hii hakukuwa na mtu wa kucheka.

"Vuta pumzi, baba, uishike."

Hakuvuta. Aligeuza shingo, akitafuta sauti yangu inakotoka.

"Hapo ulipo, mwanangu, umejikinga vizuri?"

"Nimejikinga, baba."

Ndipo akavuta pumzi.