Kushuka Baraka Kumchagulia Mama Gari

Mama yangu alikuwa hawezi tena kubebwa kwa kipoyi. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii. Kila alipotakiwa kwa daktari wa misheni, wanaume wa ukoo walimlaza kwenye machela ile ya mianzi, wakaibeba mabegani na kuteremka milima kutoka Fizi hadi Baraka. Mara ya mwisho waliteleza kwenye tope, akaangukia jiwe kwa upande ule ule wenye uvimbe uliokuwa ukimuuguza. Daktari alisema uvimbe lazima ukatwe upesi, na aletwe amelala, bila kutikiswa.

Ukoo ulikaa. Baba mudogo Wilondja, mdogo wa marehemu baba yangu, aliyewahi kuendesha lori la pamba, alisema mfanyabiashara mmoja wa Baraka, Alimasi, ameleta kutoka Bujumbura gari mbili ndogo za familia, zilizokwisha kutumika, za mlango wa nyuma unaoinuka juu. Zote mbili zilikunywa mazutu, yaani dizeli. Hilo lilitufurahisha, kwa sababu petroli kwetu ilikuwa ya kusikia tu, lakini mazutu ya malori na ya mashine za kusaga mihogo ilipatikana. Tungenunua moja.

Kisha wote wakanigeukia. Nilikuwa nimerudi kutoka Lubumbashi na lisansi, shahada ya uchumi, nikingoja kazi ambayo Serikali haikunipa.

"Mutoto ametoka ku iniversite," wakasema. "Yeye atachagua."

Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi hata kufungua bonneti.

Asubuhi ya Jumamosi tuliondoka kwa miguu, Wilondja na mimi. Tulisahau kwamba ni siku ya salongo, kazi ya lazima ya Serikali. Chini ya kilima cha kwanza tulikuta bamama wamepangwa kando ya barabara, wanalima majani, na mtu wa Chama amesimama na beji kifuani. Alituita masitwayeni, yaani raia, akatukabidhi majembe. Tulilima barabara ambayo gari letu lingepita, na mimi nikawaza kama hiyo ni bahati njema au mbaya. Jua lilipokuwa kali alituachilia.

Kwenye kizuizi cha basoda, katikati ya njia, pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Fizi ilikuwa inapandishwa askari. Ilikuwa mpya. Walikuwa wameichukua kwa kazi ya taifa, ya kuwafuata wale waasi wa msituni. Mwenyewe alikaa nyuma juu ya magunia kama abiria, hatazami mtu. Nilimtazama mpaka Wilondja akanivuta mkono.

Baraka, mchana wa siku iliyofuata, tulikuwa uani kwa Alimasi. Gari moja ilikuwa nyeupe. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa kigeni, naye aliitunza. Iliwaka kwa mara moja, moteri ikanguruma taratibu, na ilipopita juu ya mashimo ya ua ilizama na kuinuka polepole. Ya pili ilikuwa ya kijani iliyokwisha kufubaa. Mlango mmoja ulifungwa kwa mpira wa ndani wa tairi. Ilitoa moshi mweusi, ikatetemeka yote hata vioo vikalia.

Niliinua mlango wa nyuma wa ile nyeupe, nikalaza viti, nikaingia na kulala chali. Mama ni mrefu kama mimi. Kisha nikalala katika ile ya kijani. Nikarudi kwenye nyeupe.

"Lisansye," Alimasi aliita, "unanunua gari ao kitanda?"

Watu wa uani wakacheka. "Angalia vile amenyoosha miguu!" mama mmoja muuza samaki akasema. "Mufunike na kitenge, tuanze kulia!"

Zote mbili zilinitosha. Kilichobaki kilikuwa mtikisiko, na hapo jibu lilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa mimi.

"Twaa nyeupe," Wilondja alisema. "Moteri iko muzima, na haitamuumiza mama yako."

"Basoda bataikamata, Baba mudogo. Uliona pikapu."

"Bakiikamata, tutalia siku ile. Leo twaa nyeupe."

Nikafikiri mpaka kichwa kikauma. Gari inayotikisa lakini inafika. Gari laini ambayo haitafika. Je, magodoro mawili yangepunguza mtikisiko? Je, askari wangekuwa wale wale? Mwisho nikasema kijani. Wilondja hakubisha. Ukoo ulikuwa umesema nichague mimi. Alimlipa Alimasi fedha za ukoo, akamwomba kamba ya kufungia mlango vizuri zaidi, akakaa kwenye usukani.

Tulipokaribia kizuizi, wakati wa kupanda kwenda Fizi, moyo wangu ulikuwa mwepesi. Askari walituona wakacheka kama nilivyotumaini. Kisha mkubwa wao akaacha kucheka.

"Yaka!" aliita kwa Lingala, akionyesha kwa mkono tusogee.

Kando ya kibanda kulikuwa na maiti, imefunikwa kwa turubai. Alikuwa askari aliyepigwa risasi msituni, naye alitakiwa kambini Fizi.

"Shefu," Wilondja alisema, "hii gari ni ya mugonjwa."

"Pikapu ni ya kamanda. Haiwezi kuchafuka na damu," alijibu. "Hii yenu njo inafaa."

Waliinua mlango wa nyuma. Walimlaza pale pale nilipolala mimi kupima. Askari mmoja alikaa mbele, mimi nikakunjwa pembeni ya maiti. Katika kila shimo bega lake liligonga goti langu. Nilimwuliza yule askari jina la mwenzake. Hakulijua. Alisema tu kwamba ni mtu wa Ekwateri.

Fizi ilituona tukiingia. Ilituona tukimshusha. Tulipofika nyumbani wazee walikuwa wamesimama mlangoni. Kwetu, mahali alipolala mtu aliyeuawa kwa chuma msituni, mgonjwa halali, mpaka watu wa ukoo wa marehemu waje wapaoshe. Nao walikuwa Ekwateri, mwisho mwingine wa Zaire, na jina la ndugu yao hatukulijua.

"Tumuweke mu kipoyi," mmoja akasema.

Mama alitoka akijishikilia ukutani. Alilizunguka gari polepole.

"Ku kipoyi sirudi," alisema. "Na pale alilala yule muntu silali. Nitakaa mbele, karibu na Wilondja."

"Mama, daktari alisema ulale."

"Daktari alisema. Mwenye kwenda njo miye."

Kesho yake tuliteremka hivyo, na shangazi akaandamana nasi. Mama alikaa wima, mikono yote miwili imeshika dashibodi, nami nilikuwa nyuma yake nimemzungushia kitenge tumboni kumzuia asirushwe. Wilondja aliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, na bado kila kioo kililia. Daktari alipomgusa upande ule alisema ataukata uvimbe saa hiyo hiyo, na kwamba hatatuahidi kitu. Shangazi akabaki naye. Sisi tukatakiwa kuondoka.

Kwenye kizuizi, wakati wa kurudi, walikuwa wanatungoja. Mkubwa wao alitupungia mkono kama mtu anayewajua wageni wake.

"Mumerudi? Muzuri. Iko wengine wawili."

Wilondja alizima moteri. Nilishuka mwenyewe kuinua mlango wa nyuma.

Nilikwenda Baraka nikidhani nachagua kati ya gari ambalo wangelitaka na gari ambalo wasingelitaka. La pili halikuwepo katika nchi yetu. Zuri walilitaka kwa wakubwa wao walio hai, baya wakalitaka kwa wafu wao, na mama yangu alikuwa bado hajahesabiwa upande wowote.