Mtihani wa Kufukuza kwa Adabu

Nilikuwa kanjo wa kandarasi, yaani askari wa kaunti anayefukuza wachuuzi barabarani, na kazi hiyo niliijua bila kufundishwa na mtu. Unashuka kwenye lori, unapiga kelele, watu wanatawanyika. Basi tukaambiwa hakuna atakayeandikwa kazi ya kudumu kabla ya kupita kozi ya kuhudumia wananchi. Nilinuna mpaka mke wangu akaniuliza nani kanikosea. Lakini kazi nilikuwa naitaka. Nina watoto shuleni, na kandarasi ilikuwa inaisha.

Tulifundishwa katika ukumbi mmoja kule mtaa wa Fedha, na mwalimu aliyeongea kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Mchuuzi, alisema, kuanzia leo ni mteja. Mnamkaribia polepole, mnatabasamu, mnamsalimia, kisha mnamwomba ahame. Tukawekwa wawili wawili tufanye mazoezi ya kutabasamu. Mwenzangu alikuwa jitu la miraba minne lenye pengo mbele, na alipotabasamu nilijikuta nimerudi nyuma.

Mtihani wenyewe ulikuwa Njiru, kando ya Barabara ya Kangundo. Kila askari alipewa kipande chake, na mwalimu akakaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara, anatazama tu. Wateja wakihama kwa utulivu, umepita. Wakitoroka, umeanguka, na kandarasi yako ikiisha unaenda nyumbani.

Sasa, wachuuzi wa Njiru si watu wa kuchezewa. Kila turubai lina kamba kwenye pembe. Mwenyewe akikuona anavuta, duka zima linakuwa mzigo mgongoni. Kelele zetu wamezizoea. Mimi nikaja kimya, mdogo mdogo, nimekenua. "Habari ya asubuhi, wateja wetu wapendwa," nikasema. Wueh. Kanjo anayekusalimia ana jambo baya kuliko kukukamata. Kamba zilivutwa zote kwa mpigo, wakapotea nyuma ya vibanda, barabara ikabaki na vumbi na ndizi moja.

Alibaki mama wa viazi karai peke yake, kwa sababu hakuna anayekimbia na karai la mafuta moto. Nilimwendea nikijua nimeshaanguka.

"Samahani, mama. Naomba tafadhali usogee kidogo, nyuma ya mtaro."

Akaniangalia usoni. "Umefiwa?"

"Hapana, mama."

"Basi ni nini? Kanjo haongei hivyo. Una shida gani, mwanangu?"

Nikashindwa kujizuia. Nilimwambia yote: kozi, mwalimu aliye kwenye gari lile, kandarasi, watoto. Akaweka mwiko chini akaita, "Rudini nyinyi. Huyu hajakuja kushika mtu. Anatafuta kuandikwa."

Vichwa vikachungulia, kisha wakaja mmoja mmoja na mizigo yao. Woiye, pole, wakasema, kazi zimekuwa ngumu siku hizi. Muuza soksi akasema haifai niachwe hivyo bila maombi. Basi nikavuliwa kofia, nikawekewa mikono mabegani, nikaombewa kando ya barabara na watu ambao nimekuwa nikiwakimbiza tangu nianze kazi. Nililia, sifichi. Waliposema amina wakahama wenyewe hadi nyuma ya mtaro, bila haraka, wengine wakimpungia mwalimu mkono. Mimi nilibeba ndoo ya viazi.

Mwalimu alikuja mbio kunipa mkono. Alisema hajawahi kuona mawasiliano ya aina hiyo, akaniuliza nilisomea wapi.

Majina yalipotoka, langu lilikuwemo. Na kazi ya kwanza niliyotumwa nikiwa mtu wa kudumu ilikuwa hiyo hiyo, Njiru, kuondoa wachuuzi, maana walikuwa wamesharudi barabarani. Nililingoja lori lisimame, nikashuka. Mama wa viazi karai ndiye aliyeniona kwanza.

"Walikuandika?"

"Waliniandika, mama."

Alipiga vigelegele, akawatangazia wenzake, na muuza soksi akanikumbatia na magwanda yangu yote. Kisha mama akachukua jagi la maji, akaanza kuzima makaa yake mwenyewe.

"Haya, tufukuze," akasema. "Si ndiyo kazi tuliyokuombea?"