Kimo cha Mlango wa Toba

Jirani yangu anapaka nyumba chokaa, na tangu asubuhi harufu yake mbichi inanikereketa kooni. Wengine huiita harufu ya usafi. Mimi hunirudisha Kisauni, wakati wa vita vya Hitla, kwenye kanisa alilolijenga babu yangu Yohana, na sipendi kurudi huko.

Lilikuwa kanisa zuri, siwezi kulinyima sifa. Kuta zake za mawe ya matumbawe zilikuwa nene, hata sisi watoto tuliweza kujilaza madirishani kukwepa jua. Dari lilikuwa la boriti za mikoko, na juu makuti, maana mabati hayakupatikana kwa sababu ya vita. Babu alikuwa mwashi na mzee wa kanisa, na kila jiwe alijua lilichimbwa wapi. Mbele palikuwa na mlango mkubwa wa tao. Ubavuni, kuelekea jikoni kwa mwalimu wa kanisa, palikuwa na mlango mfupi ulioitwa Mlango wa Toba. Aliyetengwa kwa dhambi aliingilia pale, akiinama, akaketi sakafuni Jumapili tatu ndipo arudishwe kundini. Sisi watoto tulikaa karibu makusudi, tuone nani atajigonga kichwa. Mungu atusamehe, tulicheka sana.

Nilipokuwa na miaka minane, shangazi Rodha, kitinda mimba wa Babu, alipata mimba hana mume. Aliyempa tulimjua sote. Yeye aliendelea kuingia kwa mlango mkubwa na kuimba sauti nzito. Rodha aliambiwa asipotubu, mtoto wake hatabatizwa.

Jumamosi moja Babu akaniita.

"Abee, Babu."

"Chukua ndoo ya chokaa, twende kanisani."

Alinisimamisha katika ule mlango, akanilazia kiganja utosini. Nami, kwa kutaka kuonekana mkubwa, nikasimama kwa vidole.

"Shusha visigino," akasema.

Nikashusha. Akatia alama ukutani kwa mkaa, usawa wa utosi wangu, akapachika boriti mpya pale pale, chini ya ile ya zamani, akaziba juu yake kwa mawe na chokaa. Nilidhani ananitengenezea mlango wangu.

Kesho yake nilipita wima, nikijishaua mbele ya wenzangu. Nyuma yangu akaja Rodha, mimba ya miezi minane.

"Baba, tumbo halinipi kuinama."

"Basi piga magoti," Babu alisema, kwa sauti ya kusikika hadi madhabahuni. "Hakuna atakayesema nimempendelea mwanangu."

Akaingia kwa magoti na viganja, tumbo likigusa kizingiti. Watoto wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kuwashinda wote, nisije nikachekwa pamoja naye.

Mtoto alibatizwa. Rodha akambeba, akavuka kwa feri akaenda zake Likoni, asirudi mpaka Babu alipokufa, nami nimeshakuwa mke wa mtu. Jeneza liliingia kwa mlango mkubwa. Yeye akabaki nje. Nikamfuata.

"Shikamoo, shangazi. Ingia basi."

Alinitazama miguuni.

"Siku ile nilikuwa jikoni kwa mwalimu, nikawaona dirishani," akasema. "Ulisimama kwa vidole. Akakwambia ushushe visigino, ukashusha."

Miaka yote nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa kile kicheko. Hakukitaja kabisa. Ndipo nilipoelewa kwamba, kwa muda mfupi, akiwa dirishani na mtoto tumboni, shangazi yangu alikuwa amedhani ninamsaidia.