Vidole Vitatu kwenye Raba ya Kwini

Raba iliyolowa ikianikwa juani ina harufu yake. Si harufu nzuri, sitawadanganya. Ni harufu ya mpira uliopata moto, ya sabuni ya mche isiyosuuzwa ikaisha, ya kitambaa kigumu kinachokauka polepole, na chini ya hayo yote harufu ya mguu wa mtu usiyemjua. Nikiinusa tu, narudi miaka ya vita, juu ya sakafu, lile paa bapa la kuanikia, la nyumba yetu ya Mji wa Kale. Nina miaka tisa, nyayo zinaniungua, nimewekwa pale kulinda viatu vya wanawake kumi na wawili wasije kunguru wakavichezea. Mimi sikusoma. Nilikwenda chuoni nikahitimu Kurani, nikafunzwa kupika na kushona, basi. Lakini habari ya kiatu cheupe, sidhani kama kuna mtu ana la kunifunza.

Siku zile wanawake wa mjini walikuwa na vyama vyao vya lelemama, na vyama vikishindana kama watu wanaogombea urithi. Wachezaji wa lelemama husimama juu ya mabenchi, wamejipanga bega kwa bega, na ngoma inachezwa kwa mikono na shingo kuliko miguu. Lakini aliyesimama juu ya benchi, miguu yake iko sawasawa na macho ya anayemtazama. Ukiwa na kisigino kilichopasuka, mji mzima utakijua kabla ya magharibi. Ndiyo sababu Bi Salha, mkuu wa chama chetu, tuliyemwita Kwini, aliamua kwamba safari hii watatoka weupe watupu, nguo mpaka viatu, na viatu viwe raba, kama zile ambazo Wazungu wa Kizingo walikuwa wakichezea tenisi. Taabu ni kuwa raba zenyewe hazikuwako madukani. Vita vilikuwa vimekula mpira wote. Hata kanga ilikuwa shida, sembuse kiatu.

Mama yangu ndiye aliyefungua mdomo. Mama alizaliwa ng'ambo ya pili, upande wa Kisauni, akaolewa mjini, na wanawake wa chama walikuwa hawajamsamehe kosa hilo. Walikuwa wakimweka benchi la nyuma kabisa, mwisho, karibu na ukuta. Basi siku hiyo akasema yeye atazipata hizo raba, na atazisafisha mwenyewe. Nilikuwa nimekaa miguuni pake, nikaona vidole vyake vya mguu vimejikunja. Kwini akamtazama kutoka juu mpaka chini, akamwambia, "Haya, mtu wa ng'ambo. Zikitoka nyeupe, utasimama ubavuni pangu benchi la mbele. Zikitoka vibaya, uchukue beseni lako urudi kwenu ukafue vya huko." Wakacheka wote. Mama naye akacheka, lakini nyumbani hakula.

Raba alizipata kwa mjomba wangu, kaka yake, aliyekuwa mpakuzi wa meli Kilindini. Mabaharia wa meli za vita walikuwa wakitupa viatu vikichakaa, na mjomba akaja na gunia zima mgongoni. Mama alipolimimina uani, tulirudi nyuma sote. Yalikuwa mamashua, si viatu! Meusi kwa mafuta, mengine yamefumuka nyuzi, mengine yamefungua midomo mbele kama samaki. Bibi yangu mzaa baba, tuliyekuwa tukiishi naye, aliyatazama huku anatafuna tambuu, akasema, "Mwanaesha, hivi umeletewa viatu au umeletewa ugonjwa?" Mama alikunja leso akaifunga kiunoni, akaanza.

Wiki mbili tulifanya kazi ile. Kwanza kuziroweka katika maji ya jivu, yale mafuta yaelee. Kisha kusugua kwa kumbi la nazi na sabuni, ndani na nje, mpaka vidole vyako vinyauke kama zabibu. Mipira iliyofunguka midomo Mama aliirudisha kwa sindano ya kushonea magunia, akatoboa kwanza kwa msumari wa moto. Kisha kuzipunguza, maana mabaharia wale walikuwa na miguu kama makasia: alizikata nyuma, akatoa kipande, akazishona tena kwa uzi uliopakwa nta, na mbele akajaza vitambaa vya kanga kuukuu. Mwisho ndiyo chaki. Aliisaga chaki ikawa unga, akaichanganya na maji ya wali na nili kidogo sana, ncha ya ukucha tu, kwa sababu nyeupe isiyotiwa nili huwa kama meno ya mvutaji tumbaku. Akaipaka kwa kitambaa laini, mara tatu, akingoja ikauke kila mara. Chaki hiyo Mhindi wa dukani alikuwa nayo pakiti moja, na Mama aliitumia mpaka vumbi la mwisho. Pea kumi na mbili zikapangwa sakafuni juu, na mimi kando yake na fimbo.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, Bi Tima, alikuwa wa chama cha upande wa pili, wapinzani wetu. Alikuwa akipanda juu kwake kuanika nguo zisizokuwako, apate kuchungulia. "Wee mtoto," akaniita, "nambie, mamako amefungua hospitali ya viatu?" Nikamjibu nilivyofunzwa kumjibu, "Shikamoo, Bi Tima." "Marahaba. Mwambie nina kandambili yangu ina homa." Nami nikacheka, ingawa alikuwa adui. Bi Tima alikuwa na ulimi, Mungu amrehemu.

Sasa nije kwenye dhambi yangu. Ilikuwa Alhamisi na ngoma ilikuwa Jumapili. Asubuhi ile Mama alinipa manjano niyatwange, nikatwanga, nikafuta mikono kwenye nguo, nikapanda juu kulinda. Na jua lile, na kunguru hawakuja, na raba ya Kwini iko pale mbele ya zote, ndogo kuliko nyingine, imefungwa utepe wa hariri badala ya kamba. Nikasema nitie mguu tu, nione. Nikatia mmoja, nikatia wa pili, nikasimama juu ya ndoo iliyofudikizwa kama mtu aliye juu ya benchi, nikatikisa shingo. Nilikuwa Kwini. Nilipozivua, nikaona mbele ya kiatu cha kushoto, pale juu ya kidole gumba, vidole vitatu vya manjano. Vyangu. Vimekaa pale vizuri kabisa, kama mtu aliyetia sahihi.

Mtu mwenye akili angemwita mama yake. Mimi nilishuka ngazi kwa ncha za miguu nikatafuta chaki, chaki imekwisha. Nikatafuta kitu kingine cheupe, macho yangu yakaangukia kijaluba cha Bibi, kile kikopo kidogo cha chokaa anayopakia tambuu. Cheupe kuliko chaki! Nikachota kwa kidole, nikapanda nayo, nikapaka juu ya vile vidole vitatu, nikapulizia. Na pale pale, mbele ya macho yangu, manjano yale yakageuka mekundu. Si mekundu ya haya, mekundu ya damu ya kuku. Kadiri nilivyozidi kupaka ndivyo yalivyozidi kuwaka. Nikaona benchi la mbele limeondoka. Nikaona Mama anavuka maji kurudi kwao, beseni kichwani. Sikulia, hata machozi yaliogopa.

Nilikifunga kiatu ndani ya nguo yangu nikaenda kwa Bibi, maana Mama nilimwogopa na Bibi nilimwogopa kidogo tu. Alikuwa chumbani anashona kofia ya vito, ile yenye vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Kijaluba kiko pajani pake, kimefunguliwa, anakitazama. "Kuna panya anakula chokaa yangu," akasema. Nikamtolea kiatu. Alikishika, akakigeuza, akakinusa. Halafu akacheka mpaka tambuu ikamwenda njia mbaya, nikampiga mgongoni. "Manjano na chokaa!" akasema. "Mwanamke wa pwani mzima, hujui manjano yakikutana na chokaa huwa nini? Leta ndimu." Nikaleta. Akaikata, akasugua, na ule wekundu ukarudi nyuma kama umeitwa na mamake, ukawa manjano tena. Nikaanza kupumua. "Usipumue bado," akaniambia. "Hayo manjano yanaondolewa na jua peke yake. Kilowe, kianikwe, kilowe, kianikwe. Usitie sabuni, sabuni itayarudisha mekundu. Na sasa nenda ukamwambie mamako." Nikamwambia, "Bibi, mwambie wewe." Akachukua sindano yake, akaendelea kushona kofia.

Mama alikuwa jikoni. Nilimwambia yote, ndoo, utepe, kijaluba, yote, nikafumba macho kungoja kofi. Kofi halikuja. Nilipofumbua nikamwona amekaa chini, mgongo ukutani, kiatu mikononi. "Ungenambia manjano yakiwa manjano," akasema polepole, "ningekuwa na doa moja la kuosha. Sasa nina doa, na nina mtoto anayenificha." Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi lolote nililokula maishani, na nilikula mengi. Kisha akanivuta akanikalisha karibu yake. "Ulipendeza lakini, juu ya ndoo?" akaniuliza. Nikasema nilipendeza sana.

Ijumaa ikanyesha. Mvua ya mwaka ile, inayoteremka kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo, haina haya wala haina mwisho. Tulikiweka kiatu dirishani tukakitazama. Mama alipita, akatazama mbingu, akapita tena. Jumamosi asubuhi mawingu yalikuwa yamekaa pale pale, na mimi nikasali sala ya mtoto, isiyo na adabu, nikimwambia Mungu kwamba nataka jua na nalitaka sasa. Kabla ya adhuhuri likachomoza. Lilichomoza kwa nguvu, paa zote za mabati za chini zikaanza kutoa mvuke. Nilikilowesha kile kiatu, nikakiweka, nikakilowesha, nikakiweka. Sikushuka kula. Bi Tima alipanda, akaniona, akashuka mara hii bila mzaha, labda alidhani kuna maiti. Hata alasiri, vidole viwili vilikuwa vimekwenda kabisa, na cha tatu kimebaki kivuli, kama ukucha mmoja mdogo.

Chaki haikuwako ya kukifunika. Basi Bibi akachukua sindano yake ya kofia, akatoboa vitundu pale pale kwenye kivuli, akavizungushia uzi mweupe, kimoja baada ya kimoja, likatokea ua dogo kama lile la mbele ya kofia ya bwana harusi. Lilikuwa zuri. Lakini lilikuwa moja, na viatu ni viwili.

Jumapili baada ya adhuhuri Kwini akaja barazani kuvaa, na wenziwe nyuma yake. Pea kumi na moja zilikuwa zimekwisha kuvaliwa, nyeupe za kuumiza macho. Akaketi, akatia mguu wa kulia, akachukua kiatu cha kushoto, akakileta karibu na uso. "Mwanaesha. Hiki kimefanya nini?" Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango nimeshika kitasa kwa mikono miwili. Mama angeweza kusema ni pambo. Nani angejua? Akasema, "Mwanangu alikijaribu ana manjano mikononi, Bi Salha. Tumeyatoa, limebaki doa hilo, mkwe wangu akalifunika kwa vito. Likikuchukiza, nivue nami zangu." Kwini akakitazama tena. Akapitisha kidole juu ya lile ua. Kisha akavua kile cha kulia, akamrushia Bibi, aliyeketi kando, mapajani. "Basi na hiki kitiwe. Nipande benchini mguu mmoja una kofia na mwingine kichwa wazi?" Sijui ni nani aliyecheka kwanza. Nadhani ni mimi. Nilikaa chini nyuma ya mlango, na Kwini wa watu akangoja barazani bila viatu, anakula halua, mpaka Bibi akamaliza.

Ngoma ilipoanza, wale wa upande wa pili waliona viatu mara moja. Bi Tima akapaza sauti, "Jamani, hawa wamevisha miguu kofia!" Kwini akainua mguu wake mbele kidogo, juu ya benchi, akauzungusha taratibu, wote wapate kuona vizuri. Na ubavuni pake, benchi la mbele, alikuwa Mama. Mwezi uliofuata Bi Tima alikuja kwetu na raba chini ya buibui, akamnong'oneza Bibi kama zake zinaweza kutiwa kofia pia.

Sasa mimi ni mzee, nina wajukuu na vitukuu, na kitukuu changu Rukia, wa miaka kumi na minne, ana raba nyingi kuliko chama chetu kizima cha lelemama. Siku hizi nguo na viatu vimejaa kila duka, Biashara Street nzima mpaka Makupa, na hakuna anayeshona kiatu kilichofungua mdomo. Rukia ana brashi tatu na povu la chupa, na huzichora raba zake maua kwa rangi aliyoinunua, amejifunza kwenye simu. Ni mzuri kwa kazi hiyo kuliko mimi, nasema kwa sababu ni kweli na kwa sababu ni wangu. Kwa manjano tu, povu lake halifui dafu. Juzi alirudi kutoka harusini, hakuvua hata mtandio, akaja moja kwa moja chumbani kwangu, kiatu mkononi, mchuzi wa biriani umemwagikia mbele. Hakukificha ndani ya nguo. Alisimama mlangoni akasema, "Bibi, nimekiharibu." Nikamtazama mtoto yule, mikono yake wazi, macho yake hayaniogopi, nikapumua pumzi ambayo nadhani niliizuia tangu siku ile ya kijaluba. Nikamwambia alete ndimu, na asiguse sabuni. Tukapanda juu, sakafu ni ile ile, jua lilikuwako.