Kibao Shingoni Mwangu

Hata leo nikikumbuka ile Jumapili masikio yananichoma, na si aibu peke yake, ni hasira, kwa hivyo mkitaka kucheka chekeni mapema kisha mniache nimalize.

Jumamosi ya kabla yake niliondoka Silibwet asubuhi bila mpango wowote (niliacha shule darasa la saba na tangu hapo miguu ndiyo hunichagulia kazi), nikapita katikati ya mashamba ya majani chai hadi nikasikia watoto wakiimba nyuma ya ua wa shule, nikachungulia. Ilikuwa kambi ya Kiswahili ya wikendi. Mkuu wake, Mwalimu Langat, aliniuliza tu kama ninaweza kubeba maji. Nikabeba. Baada ya chai na mkate akanipa kazi nyingine, kuwavalisha watoto kibao chenye kamba ya katani, kimeandikwa NIMEONGEA KIKWETU. Atakayeteleza na kusema Kipsigis, lugha ya nyumbani kwao, anakivaa mpaka amnase mwingine, na atakayebaki nacho Jumapili hapandi jukwaani mbele ya wazazi.

"Sheria ni ya wote," akasema. "Hata wapishi, hata wewe."

Ningekataa pale pale. Lakini mkate ulikuwa bado mdomoni.

Haikupita muda, uji ukamwagikia mguu wa msichana wa darasa la sita, Chebet, akalia, "Eiyo!", yaani mama. Mwalimu akaninyooshea kidole. "Odhiambo, mvalishe." Na mimi, mtu mzima, nikamvalisha mtoto kibao kabla hata ya kumletea maji baridi! Yeye ndiye aliyetakiwa kukariri shairi la kufunga kambi. Kuanzia hapo wenzake wakawa waangalifu kama wezi, wakaombana chumvi kwa vidole, hakuna wa kunaswa.

Jumapili nikawekwa langoni kupokea wazazi. Akaja bibi mmoja wa leso na viatu vya mvua, akaniuliza kwa Kipsigis mjukuu wake Chebet atasimama wapi. Mimi ni Mjaluo, lakini nilizaliwa kwenye nyumba za wachuma majani, lugha hiyo nimeicheza tangu utotoni, na mdomo haukuniomba ruhusa. "Chamgei, kogo," nikamsalimu, nikaendelea kumwelekeza kwa Kipsigis hadi kiti cha mbele.

"Teacher Odhis ameongea Kipsigis!" watoto wakalipuka. "Chebet, mpe! Mpe!"

Chebet akaja mbio akichechemea, kibao mkononi. Nikainama, akanivalisha.

"Rudisha hicho!" Mwalimu akafoka. "Huyo si mwanafunzi."

"Ulisema hata mimi," nikamjibu.

Wazazi walikuwa wanacheka, kwa hivyo naye akajichekesha. "Sawa. Basi piga magoti hapa mbele mpaka shairi liishe. Ukiinuka, kibao kinarudi kwake."

Nikapiga magoti, na suruali yangu ya mtumba, iliyokuwa imechoka kuliko mimi, ikapasuka nyuma kuanzia mshipi kwenda chini, mbele ya wazazi, wapishi na pasta aliyealikwa kuomba.

"Wewe, funga duka!" mama mmoja akapiga kelele, uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nikiinuka kujifunika, mtoto hapandi. Nikabaki. Chebet naye akasahau ubeti wa pili, akarudi mwanzo (nilimwomba Mungu awapunguzie washairi maneno), lakini akamaliza kichwa juu, na bibi yake, ambaye hakuelewa hata mstari mmoja, aliendelea kupiga makofi wengine wote wakiwa wamenyamaza.

Ndipo Mwalimu akashika maikrofoni. "Mmeona, wazazi? Hata ambaye hakusoma anaweza kufundishwa adabu."

Nikainuka, upepo unaingia kule nilikopasuka, nikavua kibao nikakivunja kwa goti. "Mtoto akiungua amwite mama yake kwa lugha gani, Mwalimu? Nifundishe, mimi sikusoma!"

Wapishi wawili wakanisindikiza nje kabla chakula hakijapakuliwa.

Nilijifunga sweta kiunoni, nikabebwa na lori la maziwa hadi Sotik, ambako sikujua mtu. Mama mwenye vyumba vya kukodisha akanitazama juu mpaka chini, akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia yoyote, kukama, kubeba maji, kuchimba choo, lakini kazi ya kuchunga midomo ya watoto sitaifanya tena hata nikilala njaa.

"Kwani nani amekuuliza mambo ya watoto?" akasema, akanipa ufunguo.

Nikaingia, nikalala na hasira yangu, na mpaka leo sijaona sababu ya kuipunguza.