Laini Mbili Kwenye Lango la Depo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkaguzi Mkuu wa depo ya nafaka pale Rongai hakunionyesha hata kiti. Alinipa chupa ya glasi yenye chumvi kavu, akanipeleka kwenye trela la mahindi, akaniambia nitie konzi moja ndani nitikise. Chumvi ikishika kwenye glasi, mahindi bado yana maji. Ukiyaweka ghalani yanaota kuvu, na kuvu hiyo ina sumu ya kumaliza familia. Mashine za kupima unyevu zilikuja baadaye. Niliogopa tangu siku hiyo, na ninyi vijana mnaoingia kazi hii msidanganywe kwamba woga huisha.

Nilihamishiwa ghala la Nakuru mjini, nikapandishwa cheo, kisha nikarudi Rongai mimi mwenyewe nikiwa Mkaguzi Mkuu. Mwaka huo ikaja sera mpya kutoka makao makuu. Depo zilikuwa zikijazwa na wenye malori, wale wa karibu na barabara, na wakulima wa mbali wanabaki na mahindi nyumbani. Kwa hiyo kila eneo likatengewa sehemu yake ya ghala, ili maendeleo yafike kote. Tuliposomewa mkutanoni nilipiga makofi. Niliona ni haki kabisa.

Lakini huku kwetu, mashamba ya walowezi wa kizungu yalipogawanywa, jamii moja ilinunua upande wa juu, nyingine upande wa chini. Ukitaja eneo, umetaja kabila. Meneja wa Depo, mtu mpole aliyependa utaratibu, alipanga laini mbili za matrekta langoni, watu wa juu kushoto, watu wa chini kulia. Kufikia adhuhuri zilikuwa zinatazamana, kila upande unahesabu matrela ya mwenzake. Mawingu yakajikusanya, na hapo laini ya kushoto ikasimamishwa, kwa sababu sehemu yao ilikuwa imejaa.

Wanaume wakaanza kushuka. Mmoja alikuwa na jiwe mkononi, hajalirusha, amelishika tu. Mimi nilizaliwa upande wa chini na nimeolewa upande wa juu. Wakati wa fujo za uchaguzi nilijificha na watoto kwenye shamba la mahindi, nisijue nikimbilie kwa baba au kwa mume.

Nilimfuata Meneja ofisini.

"Boss, tuunganishe hizi laini. Mahindi makavu yaingie, ya maji yangoje. Tusiulize mtu ametoka wapi."

"Madam, sera ni sera. Wakiniuliza Nairobi nitasema nini?"

"Na watu wakiuana hapa kwa gate utasema nini?"

Alichungulia langoni kupitia dirisha. "Enda. Lakini si mimi nimekutuma."

Nilitoka na ile chupa ya zamani. Mashine niliiacha, maana siku hiyo hakuna ambaye angeamini namba zangu, na chumvi kila mtu anaiona. Nilitikisa mbele ya wote, trela moja la kushoto, moja la kulia. Wa kwanza kukataliwa alikuwa mzee wa upande wangu wa kuzaliwa. Aliitazama chumvi iliyoganda kwenye glasi, akageuza trekta. Yule wa jiwe mahindi yake yalikuwa makavu, akaliweka jiwe chini ili afungue turubai. Mvua ilitukuta karibu tumemaliza.

Nilipewa onyo, na msimu uliofuata ile sera ikaachwa.

Sasa nimestaafu, nalima kipande cha mume wangu. Walioitunga ile sera walikuwa na nia njema, na mpaka leo sijui wangegawa ghala vipi huku kwetu bila kututia hofu. Msimu huu wameirudisha. Nilipeleka mahindi yangu, nikakuta matrekta yamepangwa laini mbili. Mlinzi, kijana mwenye heshima, alinisogelea.

"Habari ya asubuhi, mathe. Jina lako la pili ni gani, nijue nitakupanga wapi?"

Niliangalia kushoto, kwa watu wa mume wangu, nikaangalia kulia, kwa watu wa baba. Wote walikuwa wananitazama, wanangoja nijibu.