Chai Aliyonitemea Baba

Nilikubali kupiga magoti mbele ya baba. Ningepewa siku ile tena, ningesimama wima, nimwambie ukweli, kisha niteremke zangu Voi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nikikata tikiti stesheni ya Voi, na chumba kimoja nilikaa na fundi cherehani kutoka Mahoo, upande wa Taveta. Watu walituita marafiki. Tulikuwa wapenzi, wanaume sote wawili, na uzeeni huu simfichi mtu. Jumapili tuliimba kwaya moja, mimi sauti ya tatu, yeye ya nne.

Kisha baba, mzee wa kanisa kule milimani, akaanza kuumwa tumbo. Hospitali haikuona kitu. Shangazi akateremka hadi dirishani kwangu.

"Nikukatie ya wapi, shangazi?"

"Usinichezee. Baba yako ana hasira juu yako, ndiyo inayomla. Lazima atase."

Kwetu Wadawida, mzazi mwenye kinyongo huchukua funda la dengelua, ile pombe ya miwa, akalitema kwa nguvu huku akitamka baraka, na hasira ikatoka nalo. Ndiko kutasa.

"Si baba ndiye aliyekuwa akihubiri kwamba kutasa ni dhambi?"

"Alihubiri akiwa mzima. Wewe njoo tu, useme huyo fundi umemtoa."

Nikapanda. Baba alikuwa kitini na kikombe cha chai baridi, maana kwa pombe kanisa lingemtenga. Ndugu wote walikuwa wamejaa sebuleni. Nikapiga magoti.

"Yule mtu ametoka kwako?"

"Ametoka, baba."

Hakuwa ametoka. Shati nililovaa alinipigia pasi yeye, asubuhi ile ile. Baba akavuta funda, akanirushia chai kifuani, akanibariki. Wakaitikia amina.

Nilirudi Voi na shati lenye madoa, nikamweleza mwenzangu kila kitu, nikidhani tungecheka.

Hakucheka. "Kumbe nimeshatoka," alisema. "Na hilo shati atakufulia nani?"

Kesho yake akaja stesheni na cherehani yake imefungwa kwa kamba. Tikiti ya Taveta nilimkatia mimi mwenyewe. Tulikuwa tumetenganishwa na dirisha tu, na sikumwambia abaki.

Baba alipona. Hadi leo ndugu wananionyesha kupona kwake kama ushahidi, na mchungaji wa sasa hunihimiza nitubu. Nimetubu zamani: nimetubu yale magoti, na neno lile, "ametoka". Kumpenda sitatubu. Na kwaya bado naimba, mstari wa mbele. Asiyetaka kusimama kando yangu asogee.

Fundi hakurudi. Alifia Mahoo, akazikwa kwenye migomba ya mamake, na habari nililetewa na abiria dirishani, watu wakiwa wameshatawanyika matangani. Nilimpoteza yule mmoja niliyemtaka, na tangu hapo nimeishi peke yangu.